Austria au Lebanoni: Mwezi Niliokuwa Mtaalamu wa Theluji

Jumanne, 1 Desemba 2009

Vumbi tena. Nimeosha gari kubwa asubuhi, kabla ya saa sita limerudi rangi ya ngamia. Nikaliosha upya. Maji ni ya Baba Jasim, bosi wangu hapa Doha, mikono ni yangu, sina neno.

Nimepeleka watoto shule. Jasim kiti cha mbele, kwa sababu ameota ndevu tatu na anadhani ni mzee. Maryam nyuma. Leo hawakugombania redio. Waligombania theluji. Shule zikifungwa, familia inasafiri kwenda milimani kuteleza, zile mambo za kufunga mbao miguuni na kujiachilia. Jasim anataka Lebanoni kwa sababu binamu zake wako huko. Maryam anataka Austria kwa sababu rafiki yake alienda akarudi na picha amekaa kwenye gari la farasi, kila kitu nyuma yake cheupe. Baba amesema hataki kelele. Yuma ataamua.

Yuma ni mama yake Baba. Nyumba nzima inamwita Yuma, hata mimi dereva. Hajawahi kuona theluji. Anasema anataka kuikanyaga kabla magoti hayajagoma kabisa.

Jasim akanigeukia: "Karim, kwenu si iko theluji?" Jina langu ni Kirimi. Limewashinda, nimewaachia. Nikamjibu iko nyuma ya nyumba yetu. Si uongo. Mimi wa Timau, ukiamka unauona mlima na kofia yake nyeupe. Kwamba sijawahi kuupanda, hakuna aliyeuliza.

Kufika jioni nilikuwa mtaalamu wa theluji. Form Two sikumaliza, lakini leo hata Mama Jasim mwenyewe aliniuliza kama glavu za sufu zinatosha. Nikakunja uso kama daktari. Nikasema hapana.

Alhamisi, 3 Desemba

Habari tamu. Nimeipata jikoni, ambako habari zote za nyumba hii huivia.

Austria ni hoteli. Kila kitu wanafanyiwa na watu wa huko. Lebanoni ni nyumba ya kukodi, na nyumba ya kukodi inataka mtu wa kupika, wa kuangalia watoto, na wa kuendesha gari. Tena visa ya Lebanoni Baba anatupatia haraka. Ya Austria kwa sisi wafanyakazi ni safari ndefu, Mama hata kujaribu hataki.

Kwa hivyo wakienda Austria, mimi nabaki hapa Al Thumama na ndoo yangu. Wakienda Lebanoni, nakwea ndege.

Nimeamua. Ni Lebanoni. Hakuna aliyeniomba kuamua.

Nikampigia Wafula. Yeye ni mlinzi kule Lusail, tulikuja hapa ndege moja. Nikamwambia akae tayari kwa picha zangu. Akasema, "Buda, wewe utaanguka tuletewe umegandishwa kama kuku wa duka." Wivu. Nimeshachagua vile nitasimama. Mkono mmoja kiunoni. Miwani myeusi. Mlima nyuma.

Dada Rehema alikuwa pale akikata vitunguu. Ndiye yaya, na ndiye mpishi pia, mtu wa Kilifi, rika la dada yangu mkubwa. Kwa kawaida hunicheka. Anasema Kiswahili changu kimetoka baridini, hakikuiva. Leo hakusema kitu. Nikadhani ni vitunguu.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimempeleka Yuma Al Wukair kwa dada yake. Hii ndiyo safari ninayoipenda. Yuma haharakishi mtu. Anakaa nyuma na tasbihi yake, anauliza maswali kwa Kiarabu, nami najibu kwa Kiarabu changu cha jikoni, mikono, vioo na kichwa.

Leo akauliza. Karim, wewe unaijua theluji, niende wapi?

Ee Mungu, nilivyoimba! Nikamwambia Lebanoni watu wanasema Kiarabu chako. Mkate unatoka motoni. Adhana unaisikia. Theluji yenyewe ni laini, ukiikanyaga inasema shshsh, haiumizi goti. Austria je? Nikasikitika kidogo. Nikasema theluji ya kule ni ngumu, ile ya kuchimba na shoka. Sijui nilitoa wapi. Mdomo ukishaanza mimi huufuata tu.

Yuma akacheka hadi akashika mtandio. Akasema basi, Lebanoni.

Nimeshinda. Nimefika nyumbani nikiendesha kama waziri.

Jumatatu, 7 Desemba

Nimejisikia taka.

Dada Rehema hajanisemesha tangu Jumamosi. Leo ameniwekea chai mezani kama anayemwekea paka. Nikamuuliza nimekosa nini. Akafunga mlango wa jikoni, akafungua kabati, akatoa sanduku. Viatu vya shule. Vyeusi, vidogo, vina kifungo pembeni. Alivinunua sokoni Idi iliyopita.

Mtoto wake anaitwa Mwanaisha. Alimwacha hajui hata kuvaa kandambili mguu sawa, sasa anaingia darasa la kwanza Januari. Dada Rehema alimuahidi kwa simu kwamba atampeleka yeye mwenyewe, amshike mkono hadi mlangoni. Na Mama Jasim alikuwa amekubali likizo, ila kwa sharti. Wakienda Austria, Rehema aende kwao. Wakienda Lebanoni, anabebwa kwenda kupika. Na akikosa sasa, ni hadi kiangazi.

Alisema, "Mwanangu ananiita shangazi kwenye simu, wajua? Anachanganya. Sasa nimwambie nini? Nimwambie kuna kijana mmoja hapa mdomo wake hauna breki, alitaka picha?"

Nikasema sikujua.

"Hukuuliza. Ulikuwa waimba."

Hiyo imenikaa. Mimi kila mtu namuuliza kila kitu. Dada Rehema tumekula sufuria moja mwaka mzima na sikujua ana mtoto anayeanza shule.

Jumatano, 9 Desemba

Nimejaribu kulirudisha neno mdomoni. Haliingii.

Nilikuwa nampeleka Yuma kwa daktari wa magoti. Nikaanza polepole. Nikasema, Yuma, nimefikiria, barabara za Lebanoni zina kona nyingi, tumbo litachafuka. Akahesabu tasbihi. Nikasema na watu ni wengi sana, mtu akiteleza anakugonga. Nikasema pia, unajua, theluji laini ndiyo inaingia kwenye kiatu.

Nikamwona kwenye kioo. Ananitazama vile nyanya yangu alikuwa akimtazama mwizi wa parachichi.

"Karim. Jumamosi asali, leo shubiri. Nani amekulisha?"

Nikasema hakuna. Akasema hataki tena maneno ya mtu. Ijumaa atapelekwa kwenye ule uwanja wa barafu ndani ya mall, akanyage mwenyewe, ndipo aseme.

Akaongeza: na wewe utatuonyesha.

Mimi.

Ijumaa, 11 Desemba

Naandika nimelala ubavu. Kukaa siwezi.

Tulienda baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima, na Dada Rehema akibeba makoti. Uwanja uko chini kabisa ya mall, watu wanakunywa kahawa juu wakitazama. Watazamaji ndio hawakukosa.

Nikakodishiwa viatu vya chuma. Nikavifunga kama ninavyofunga raba, kamba legelege, maana nilitaka nionekane sina wasiwasi. Jasim akasema, "Tuonyeshe, mtu wa mlima." Nikaingia kama mwenye shamba. Hatua ya kwanza poa. Ya pili miguu yangu ilienda Wakrah, kichwa kikabaki Doha. Nilianguka na makalio, nikajizungusha mara kadhaa kama sarafu, nikapita katikati ya watoto wa Kifilipino walioshikana mikono, nikaenda kumkumbatia pengwini wa plastiki. Yule wa kusukuma, wa kufundishia watoto.

Watu wa kahawa walipiga makofi.

Yuma alicheka nikadhani tutamwita daktari. Maryam akakaa chini kabisa akicheka. Hata Baba, ambaye husogeza kope tu, aligeuka ukutani mabega yakitikisika. Nilipoinuka nikamwona Dada Rehema. Alikuwa amefunika uso na koti la Maryam. Anacheka. Tangu Jumatatu hajacheka. Nikasema moyoni, basi, makalio yangu hayakwenda bure.

Halafu Yuma akasema zamu yake. Akavalishwa viatu, akashikwa huku na huku na Baba na Jasim, abaya yake ikining'inia. Akasimama. Akafanya hatua kidogo kidogo. Akatulia, akafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

Akasema khalas, basi. Nimeikanyaga. Nimeijua. Baridi yake imeniingia gotini na haitaki kutoka. Nendeni mtakako, mimi siendi popote.

Hakuna aliyecheka njiani kurudi.

Jumapili, 13 Desemba

Kila kitu kimegeuka, na kimegeuka vibaya.

Yuma haendi, kwa hivyo Lebanoni imekufa. Ilikuwa yake na ya Jasim. Mama na Maryam wameshika Austria na Baba amekubali apate usingizi. Nikakimbia jikoni kupiga vigelegele. Nilimkuta Dada Rehema anapanga sahani polepole.

Yuma anabaki. Na Yuma hawezi kubaki peke yake. Mtu wa kumpikia, kumsugua magoti na kulala chumba cha pili ni nani? Mama ameshasema. Likizo isubiri kiangazi.

Nikamwambia Rehema, kwani dada yake Yuma si yuko Al Wukair, amchukue? Ameshaalikwa, akasema. Yuma hataki kulala kitanda cha mtu.

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Angenirushia hata mwiko. Lakini alinikabidhi lile sanduku la viatu tu, akasema, "Ukipita kwa wale wa cargo wanaotuma mizigo nyumbani, nipelekee. Wavifikishe kabla shule hazijafunguliwa. Angalau miguu yake ijue nina nia."

Nikamwambia nitamwambia Yuma. Akanikatalia kwa kidole. "Wee! Thubutu." Na najua kwa nini. Hapa kila jambo letu linapita kwa Mama. Dereva hambebei yaya maneno. Akimtetea, watu wataanza kujiuliza kwa nini anamtetea. Kwenye nyumba ya jirani walijiuliza hivyohivyo, na kabla ya mwisho wa juma dereva na yaya wote wawili walikuwa uwanja wa ndege na mabegi.

Kwa hivyo nisifungue mdomo. Mimi! Mdomo ndio kitu pekee nilichokuja nacho Doha kikiwa kizima.

Jumanne, 15 Desemba

Sikusema neno. Niandike hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Leo nilikuwa na safari ya Al Wukair na Yuma. Cargo iko njiani. Sanduku la viatu lingeweza kukaa mbele, au kwenye buti. Nililiweka kiti cha nyuma. Upande wa Yuma. Wazi kidogo.

Nikaendesha. Nikatazama barabara kama mtu anayefanya mtihani.

Tasbihi ikasimama. Kisha nikasikia karatasi. Kwenye kioo nikaona amekishika kiatu kimoja, amekilaza kwenye kiganja. Kinaenea kiganjani. Akakigeuza akatazama soli.

Akauliza cha nani. Sasa swali nimeulizwa, nisijibu? Nikamwambia ni cha Mwanaisha, binti ya Rehema. Anakwenda wapi nacho? Shule, Yuma. Darasa la kwanza. Mbona unacho wewe? Nampelekea cargo. Mbona cargo, mama yake hana mikono?

Hapo nikajifanya nasoma vibao vya barabarani. Nilifikiria Timau. Nilifikiria nitamwambia nini mama yangu nikirudi na begi kabla ya mkataba kuisha, na kosa lenyewe ni kiatu.

Yuma naye hakuuliza tena. Tulikaribia cargo. Mlango uko wazi, watu wanapakia mablanketi, taa zinawaka, mizani inaonekana kutoka barabarani.

Yuma akatazama vizuri. Akasema, "Cargo wamefunga leo. Rudi nyumbani."

Nikasema ndiyo Yuma, wamefunga.

Hatukufika Al Wukair.

Alhamisi, 17 Desemba

Hakuna lolote. Yuma hajasema. Mama ameniangalia mara moja kwenye veranda, nikaangusha sifongo. Dada Rehema ananiuliza viatu vilienda? Nikamwambia walikuwa wamefunga. Akashangaa, siku ya kazi? Nikaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Naogopa. Basi.

Ijumaa, 18 Desemba

Siku ya Taifa. Tangu asubuhi nabandika gari mapambo ya rangi ya damu ya mzee na nyeupe, Jasim anaelekeza, anabandika upande, nabandua, nabandika. Honi kila mahali.

Chakula cha mchana cha Ijumaa wanakula wote, na dada yake Yuma alikuja na msaidizi wake Mnepali. Nilikuwa nje ya mlango na bendera mkononi. Nilisikia Yuma anasema, si kwa kelele, kwa sauti ya kuomba chumvi.

Dada yake ndiye atakuja kukaa hapa, si yeye kwenda huko. Na msaidizi wake. Yule msichana anajua kusugua magoti kuliko daktari. Na hawatakaa ndani. Wataenda kambi ya jangwani, wapige hema, walale kama walipokuwa wasichana, kabla ya AC na kabla ya wanaume. Rehema aende kwao, ana shughuli ya shule.

Mama akasema lakini. Yuma akasema pitisha wali.

Kisha akasema anamtaka Karim abaki, wa kuendesha mchangani. Jasim akatoka mbio kuniambia, anacheka hadi kanzu inamwagikiwa juisi: "Mtu wa theluji, wewe unaenda mchanga!"

Nikasema sawa. Nilitaka kuruka. Nikaruka nyuma ya gari, peke yangu, ubavu ukauma.

Ukweli, kuna furaha mbili hapa. Ya kwanza ni Dada Rehema. Ya pili ni kwamba hakuna mtu duniani atakayenifunga mbao miguuni na kunisukuma mlimani mbele ya binamu za Jasim. Nimeokoka. Sijui kwa nini niliitaka ile picha.

Jumatatu, 21 Desemba

Nilisherehekea mapema. Tikiti ya Dada Rehema ni ya Jumatano. Lakini bila ruhusa ya kutoka nchini, ile tunayoiita khuruji, haondoki, na anayeitia sahihi ni Baba peke yake. Baba yuko jangwani na mwewe wake wa kuwinda tangu juzi. Simu haishiki. Anarudi lini? Mama anasema mwewe akichoka.

Dada Rehema amefunga begi, amefungua, amefunga. Nyumbani kwake wameshamwambia mtoto.

Nimemchukia yule mwewe kutoka moyoni.

Jumanne, 22 Desemba

Baba amefika alasiri, mchanga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa hata hajashuka vizuri. Yuma alikuwa amekaa kiti chake mlangoni tangu asubuhi na karatasi mapajani. Hakumpa hata maji. Alimpa kalamu.

Alitia sahihi juu ya boneti ya gari. Mwewe akiwa mkono wa kushoto, amefunikwa macho. Wino ulikataa mara moja. Akaitikisa kalamu. Ukatoka.

Dada Rehema alikaa kwenye ngazi ya jikoni akashika kichwa. Nikamletea chai. Akanywa akasema sukari nimeikosea. Akaomba nyingine.

Mwewe nimemsamehe.

Jumatano, 23 Desemba

Nimempeleka uwanja wa ndege. Viatu havikuingia kwenye begi kubwa, alikataa. Amevibeba mkononi, kwenye sanduku lake, amelikumbatia kifuani.

Mlangoni akasimama. Nikadhani atanishukuru. Nikakaa vizuri kupokea.

"Kirimi mdogo wangu, ulisema cargo walikuwa wamefunga."

"Ndiyo Dada."

"Mimi nilipiga simu siku ileile. Walikuwa wazi mpaka magharibi."

Akanigonga kichwani na sanduku, polepole. Akasema nijifunze kupika angalau wali kabla hajarudi, na nikiache Kiswahili changu uani kikauke. Akaingia. Hakugeuka. Kanga yake niliiona mpaka kwenye ukaguzi.

Kesho nawapeleka wa Austria.

Jumatatu, 4 Januari 2010

Kambini. Asubuhi baridi ya kweli, si mchezo, nimelala na soksi mikononi. Yuma na dada yake wameamka kabla yangu, wamewasha moto, wanabishana kuhusu mtu aliyekufa zamani, nani alikuwa mrefu kati yake na kaka yake. Mnepali anacheka bila kuelewa. Mimi naelewa na sicheki, naogopa kuulizwa nani mkweli.

Jasim ametuma picha. Mlima mweupe, yeye mbele, mkono kiunoni, miwani. Mkao wangu. Nimeangalia muda mrefu. Mlima wenyewe ni kama wetu tu, ila wa kwetu hauna watu wakianguka juu yake.

Halafu ikaja meseji ya Dada Rehema. Nimeisoma nimesimama kwenye tuta ambako mtandao unashika.

"Ameingia. Hakulia. Nimelia mimi hadi mwalimu akanipa kiti. Aliniita mama mbele ya wenzake."

Nikashuka nikamwambia Yuma, mtoto ameingia shule. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupuliza moto. Baadaye, nikimimina chai, akauliza kama viatu vimemtosha. Nikapanda tena kwenye tuta nikauliza. Jibu likaja.

Nikamwambia ni vikubwa kidogo. Wamemwekea karatasi mbele.

"Vizuri," akasema. "Atakua, vimtoshe."

Akanipa kikombe. Nikaenda nacho kwenye gari. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa umande, mweupe wote. Nikakifuta na mkono wa koti, nikakaa ndani, nikanywa chai yangu.